Milimita Tano

Chumba kina baridi ya makusudi.
Pazia la kijani, na mashine inayovuma
kama pampu ndogo ya kisima.
"Lalia ubavu wa kushoto, mwanangu,
mkono chini ya kichwa," asema Bi Umazi,
na Mejumaa alala, miaka kumi na mitatu,
mbavu zahesabika, ashtuka jeli ikimgusa:
"Uwi! Barafu!"

Mimi niko kwenye stuli, kofia mapajani.
Miaka ishirini na miwili nafukua mabomba,
Majengo, Tononoka, nyuma ya Makadara,
nikizungusha katani pale pasipofungika.
Nayajua maji. Najua yanavyotoroka usiku,
mita ikizunguka na nyumba nzima imelala.
Lakini bomba lenye kupiga
mara mia na kumi kwa dakika,
bila mkono wa kulifunga tulitengeneze,
hilo sikupata kuliona.

Kiooni: chumba, chumba, ukuta kati yao,
na vijilango viwili vyembamba kama ngozi ya kitunguu
vyapepea, vyapepea,
vyakaribia kukutana,
havikutani.

Mejumaa ageuza shingo, achungulia.
"Baba, ni kama mlango wa msala wetu.
Haufiki kwenye fremu."
Bi Umazi acheka.
Kisha aacha kucheka.

Abonyeza kitufe, rangi zamwagika.
Nyekundu, damu inayotujia. Samawati, inayotukimbia.
Na kila moyo ukijibana
mchirizi wa samawati, wenye cheche za manjano,
warudi nyuma ulikotoka
kama mtu aliyesahau ufunguo.

"Ni mkubwa?" nauliza.
"Tusihukumu kwa rangi. Rangi huongopa.
Nikizungusha swichi hii yavimba,
nikiirudisha, hiyo yasinyaa."
Na ile kelele? Daktari wa Jumanne
aliisikia kwa mipira yake, akakunja uso.
"Kelele nayo si ya kuamini.
Tundu dogo laweza kupiga mbinja,
kubwa likanyamaza."

Hapo tukawa mafundi wawili.
Maana hilo nalijua: bomba linalolia
silo linalobomoa nyumba.
Linalobomoa ni lile la chini kwa chini,
mpaka chokaa ibanduke ndipo mwenye nyumba aulize.
Ndiyo sababu naye apima chumba cha nyuma,
kimetanuka kiasi gani kwa kubeba kisicho chake,
achungulia mishipa ya kutoka mapafuni
kama damu imesukumwa mpaka huko,
kisha ashika shingo ya mchirizi, pembamba pake,
aweka nukta, avuta mstari, aweka nukta.
Milimita tano.
Afuta, aanza upya.
Tano.
Mara ya tatu ashusha pumzi: tano.

Bomba la nusu inchi ni kumi na mbili na ushei.
Vidole vyangu, vyenyewe, mapajani,
vyatafuta spana.

"Ni wa wastani," asema. "Si mdogo, si mkubwa.
Chumba kimeanza kutanuka, si sana.
Daktari ataisoma picha, huenda akampa sindano
ya kila mwezi, asikose hata moja.
Miezi sita nirudishieni, nipime tena."
Wastani. Neno la ripoti ya shule.
Nililipenda pale, leo sijui nilishike wapi.

Kisha, akimpa karatasi ajifute,
auliza kama anayeuliza bei ya nyanya:
"Alipokuwa mdogo, alipata kuumwa koo,
halafu magoti yakavimba?"

Darasa la pili.
Mamake alimchemshia tangawizi, akatia asali.
Magoti tukasema ni kukua.
Mimi wiki ile nilikuwa Changamwe
nikiziba bomba la watu.

"Ndiyo," nasema.
Aandika.

Nje, ukutani pa ujia, kuna mfereji unaodondoka,
toni, toni, kwenye ndoo ya dawa ya sakafu.
Naupita. Mejumaa asimama, aukaza
kwa viganja viwili, ulimi nje,
mpaka tone la mwisho laning'inia, likakataa kuanguka.
"Baba," asema, akifuta mikono kwenye buibui,
"mimi nimeuona moyo wangu.
Wewe wako hujauona."